Pole Niliyomnyima Skolastika

Kaa hapo kwenye kigoda, mwanangu, na usinitazame mfuko. Funguo za gari lako zimo humu na hazitoki mpaka nimalize. Leo nina siku moja ya kukumbuka. Nimeibeba tangu kabla mama yako hajanijua, na nilikuwa nimepanga nife nayo kimya kimya. Wewe ndiye uliyeniharibia mpango huo jana mchana, ulipoegesha gari hapo chini ya mipeasi ya jirani, nikakuuliza bima yake inaisha lini, ukacheka.

Ulicheka, mwanangu. Ukasema, "Baba, ilikwisha mwezi wa tatu, lakini huku milimani nazungukazunguka tu, na trafiki wenyewe nawajua." Nikanyamaza kwa sababu mama yako alikuwa anakupakulia chakula na furaha yake ya kukuona sikutaka kuitibua. Asubuhi hii nimeingiza namba ya gari lako kwenye simu, maana siku hizi hata mzee kama mimi anaweza kuangalia, na simu ikanijibu vilevile ulivyosema. Bima hakuna. Umetoka Arusha mpaka hapa, ukapanda zile kona zote kutoka Mombo, watoto wa shule wanatembea pembeni, na huna kitu. Uji alioniletea mama yako nimeushindwa. Nina hasira, na sioni sababu ya kukuficha.

Basi sikiliza.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita na nilikuwa na pikapu. Kwa kijana wa huku wakati ule, pikapu ilikuwa jambo kubwa kuliko shahada yako hiyo. Nilibeba kabichi, karoti na mapeasi kutoka pande za Bumbuli kwenda Soni, ambako malori ya Dar es Salaam yalikuwa yanasubiri. Wasichana wa kwaya walinijua kwa honi. Mwaka wa kwanza nilikata bima ndogo, ile ya kumlinda mtu mwingine utakayemuumiza, kwa sababu bila hiyo nisingepata karatasi nyingine za barabara. Mwaka wa pili ilipoisha, kabichi zilikuwa zimeshuka bei, nikasema nitakata baada ya Krismasi. Krismasi ikapita. Nikasema Pasaka. Unaniona ninavyokutazama? Ni kwa sababu naisikia sauti yangu mwenyewe ndani ya hiyo "nazungukazunguka tu" yako.

Enzi zile bima ilikuwa karatasi ya kubandika kwenye kioo cha mbele, ina tarehe ya kuisha kwa namba kubwa, trafiki anaisoma akiwa amesimama. Mimi nilikuwa mjanja. Kwenye mkutano mmoja wa injili walikuwa wanauza stika, nikanunua moja yenye maandishi mekundu: YESU NI BIMA YANGU. Nikaibandika juu ya tarehe iliyokwisha, ikaifunika sawasawa. Waumini wenzangu wakanipongeza kwa ushuhuda. Trafiki nao walikuwa wanasoma, wanatabasamu, wananiruhusu. Mchungaji peke yake aliitazama ile stika muda mrefu, akaniuliza habari za mama, akaondoka.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne, asubuhi, ukungu umelala barabarani. Nilikuwa nimepakia kabichi mpaka juu na nakimbilia Soni kabla malori hayajajaa. Pembeni yangu alikaa dalali mmoja wa mboga tuliyemwita Wakili. Sheria hakuisomea popote. Tulimwita hivyo kwa sababu aliwahi kushtakiwa mara mbili, na kila mara alitoka mahakamani na maneno mapya.

Kwenye mteremko nikatoa gia, nikaliacha gari lishuke lenyewe. Ndivyo tulivyokuwa tunabania mafuta, madereva wote wa huku, tena tukidhani ni ujuzi, na aliyeweza kushuka mbali zaidi bila gia tulimsifia. Gari lililotolewa gia linabaki na breki tu, na zangu zilikuwa zimeshapata moto kwenye kona za juu. Nilipoingia kona ya mwisho nikawaona wachumaji wa chai wako kwenye mstari, vikapu mgongoni, wanapeleka majani kupimwa. Nikakanyaga breki, mguu ukazama. Nikapiga honi. Honi ndicho kitu pekee cha gari lile kilichofanya kazi vizuri asubuhi hiyo.

Wanawake wakakimbilia juu ya ukingo. Wa mwisho kwenye mstari hakuwahi. Ubavu wa pikapu ulimbana mkono wa kulia kwenye mwamba, ukaukokota hatua kama tano, ndipo gari likasimama. Kikapu chake kilipasuka na majani yakatapakaa kwenye matope. Hakupiga kelele. Alikuwa ananitazama mimi na kuutazama mkono, kama mtu anayeuliza vitu hivi viwili vimekutanaje.

Jina lake Skolastika. Alitoka Songea, alikuja na mumewe kufanya kazi kwenye chai, mume akafariki kwa ugonjwa wa kifua, yeye akabaki anachuma kwa kutwa kwenye mashamba ya watu upande wa Mponde. Mkatoliki, Kishambaa chake cha kuokoteza, na upande huu wote wa nchi hakuwa na ndugu hata mmoja. Alinizidi miaka michache tu. Chai huchumwa kwa mikono miwili, mwanangu, na anayechuma kwa mkono mmoja hatampata mtu wa kumpa kazi. Mikono ile ndiyo ilikuwa nyumba yake na chakula chake.

Tukampakia kwenye pikapu, wenzake wawili wakamshikilia, nikageuza kwenda hospitali. Hiyo sehemu niliifanya vizuri, nakiri, na ndiyo ya mwisho niliyoifanya vizuri kwa muda mrefu. Maana tukiwa njiani Wakili akaniinamia sikioni.

"Usimpe pole," akasema. "Ukishasema pole umekiri kosa. Watu wa bima ndivyo wanavyofundisha. Kaa kimya kabisa."

Nikamwamini. Baadaye sana nilikuja kujua alilipata wapi neno hilo. Mwenye bima huambiwa na kampuni yake asianze kubishana wala kuahidi malipo barabarani, aiachie kampuni ichunguze. Wakili alilisikia nusu, akaliongezea la kwake kuhusu pole, akaniuzia mimi ambaye sikuwa na bima yoyote. Nilikuwa nafuata masharti ya karatasi nisiyokuwa nayo!

Basi nikanyamaza. Pale hospitali nesi alimwambia pole. Mlinzi wa getini alimwambia pole. Mama mmoja aliyekuwa anauza ndizi dirishani aliweka kapu chini, akaingia mpaka kitandani kumwambia pole, halafu akarudi kwenye ndizi zake. Wagonjwa wa vitanda vya jirani, wenye maumivu yao wenyewe, walimpa pole. Mimi niliyemvunja nilisimama miguuni pa kitanda, nimeshika kofia, mdomo nimeufunga. Akanitazama, akangoja. Nikasema, "Haya, dada, mimi nakwenda." Niliyasema hayo kwa mdomo huu huu.

Nilirudi kumtazama mara tatu katika wiki hizo. Nilipeleka maziwa, nilipeleka sabuni, pole sikupeleka. Mkono haukukatwa, ila vidole vilibaki vimekunjamana na havikushika tena kitu.

Sasa tumefikia lile jambo linalonipandisha hasira mpaka leo kila nikilisikia. Baba zangu wadogo walikaa, wakasema tuyamalize kinyumbani. Mwanangu, wewe umelisikia neno hilo tangu utotoni na unadhani ni neno la amani. Kinyumbani kwa nani? Sisi tulikuwa wanaume saba wa ukoo mmoja, tuna mzee wa kanisa, tuna mwenyekiti wa kitongoji. Yeye alikuwa mjane mmoja kitandani, nyumbani kwake ni siku mbili kwa basi. Tukaenda na beberu, unga na kuku wawili. Baba mdogo Elia akaongea vizuri sana, akasema ajali ni mipango ya Mungu. Kisha tukatoa karatasi tuliyokuja nayo imeshaandikwa, inasema amesamehe na hana madai yoyote sasa wala baadaye. Akaweka dole gumba la kushoto, kwa sababu la kulia lilikuwa ndani ya bandeji. Nani angelimshauri asiweke? Watu saba wamezunguka kitanda, na beberu amefungwa nje analia.

Mipango ya Mungu! Gia nilitoa mimi. Breki nilizipuuza mimi, bima niliiacha ife mimi. Mungu alikuwa amehusika wapi hapo, zaidi ya kubandikwa kwenye kioo?

Tulishuka kutoka hospitali tukicheka kwa nafuu. Nikaikunja ile karatasi, nikaitia kwenye Biblia, nikajua nimepona.

Haukupita muda, askari akaja. Mgonjwa wa ajali hatibiwi bila fomu ya polisi, na fomu ile ilikuwa imeshaandikwa siku ya kwanza. Nikapandishwa mahakamani Lushoto kwa makosa mawili: kuendesha kwa uzembe na kumjeruhi mtu, na kuendesha gari barabarani bila bima. Nikavaa shati jeupe, nikaitoa karatasi yangu kwenye Biblia kwa madaha. Hakimu alikuwa mama wa makamo mwenye miwani.

"Hii ni nini?" akauliza.

"Mheshimiwa, jambo hili tumeshalimaliza kinyumbani."

"Wewe na Jamhuri mnakaa nyumba moja?"

Watu wakacheka, na mimi nikaona aibu ikinipanda masikioni. Yule mama hakucheka. Akanieleza taratibu, na maneno yake nimeyashika mpaka leo. Kuendesha bila bima ni kosa hata usipomgusa mtu, hata ukienda mita mia kununua mkate. Kuumiza mtu kwa uzembe ni kosa lingine juu yake. Kwa yote mawili anayenishtaki ni Jamhuri, na Skolastika hawezi kuyasamehe hata akitaka, kwa sababu siyo yake kuyasamehe. Iliyo yake yeye ni haki ya kunidai fidia ya mkono, na hiyo, akasema, leo hatujaigusa. Nikatozwa faini, leseni ikafungiwa. Neno la mwisho alilosema, hilo la fidia, sikulisikia vizuri. Nilikuwa nasikilizia faini.

Baada ya miezi kadhaa ukaja wito mwingine. Sista mmoja aliyekuwa anatembelea wagonjwa alikuwa amekaa na Skolastika, akamsomea ile karatasi yetu polepole, akamuuliza kama alielewa alichotilia dole. Hakuelewa. Sista akamtafutia mtu wa kumwandikia madai.

Ndipo nikafanya upumbavu wa kufunga kazi. Nilisimama uwanjani, hapa hapa tulipo, nikapiga kelele majirani wote wasikie. Nikasema mwanamke hana shukrani, amekula beberu wetu, amekuja kutoka huko kwao kutufilisi. Bibi yako, mama yangu, alikuwa amekaa kwenye kigoda hicho ulichokalia, anamenya viazi. Aliniacha nimalize kupiga kelele. Kisha akauliza, bila kuinua macho, "Ulipompa pole, alikujibuje?"

Kisu kikasimama.

"Zakaria. Hukumpa?"

"Mama, Wakili alisema nitakuwa nimekiri."

Akainuka. Mama yangu alikuwa mtu mfupi, lakini siku hiyo ilinibidi nimtazame kwa kuinua macho, sijui ilikuwaje.

"Nikitoka shambani unaniambia pole mama," akasema. "Wewe ndiye ulinituma kulima? Jiko la jirani lilipoungua ulikimbia kwenda kumpa pole. Ulilichoma wewe? Mtu akikwaa jiwe mbele yako unampa pole, na jiwe hukuliweka wewe. Pole unawapa watu wote kwa mambo ambayo hukuyafanya. Uliyemvunja kwa gari lako ndiye umemnyima?"

Akatembea mpaka kwenye pikapu na kile kisu cha viazi. Akaanza kuikwangua stika yangu, taratibu, kuanzia pembeni, mpaka ikatoka yote na ile tarehe ikabaki wazi kwenye kioo. Mama alisoma darasa la nne tu, lakini namba alizijua. Akaitazama tarehe, akanitazama mimi.

"Bwana Yesu umemfanya kiraka," akasema. "Bima ulikuwa huna. Sawa, ile inanunuliwa kwa watu. Pole ulikuwa nayo, nilikupa mimi kabla hujaota meno. Mkono wa mwenzio umeuua, halafu unakuja kupiga kelele uwanjani kwangu kwamba ameshindwa kushukuru."

Akarudi kwenye viazi. Hakuniambia niende. Alijua kwamba kama nina akili nitakwenda, na kama sina hakuna haja ya kunituma. Sikwenda, mwanangu. Nilijiambia nitamkuta mahakamani. Niliogopa macho yake.

Kesi ya madai ilisikilizwa pale pale Lushoto, mbele ya hakimu mwingine. Yule Wakili wa mboga aliitwa shahidi, akaapa kwamba alikuwa amesinzia, hakuona lolote. Hivyo ndivyo wanavyokuwa hao wanaokunong'oneza njiani. Karatasi yetu ya kinyumbani ilisomwa kwa sauti, na siku hiyo ndipo nilipoisikia vizuri. Hakimu aliuliza maswali mawili tu. Mgonjwa alikuwa na nani wa upande wake? Na alikuwa anatumia dawa gani ya maumivu wakati anatia dole? Baada ya majibu akaisukuma pembeni.

Kisha akamuuliza Skolastika kama ana la kuongeza. Alisimama na mkono wake ndani ya khanga. Akasema, "Mheshimiwa, mimi nisingekuja hapa. Nilimngoja huyu kijana. Alipokuja na maziwa nikasema leo atasema. Alipokuja na wazee wake nikasema basi leo wamemleta aseme. Hakusema. Nikaona kumbe kwake mimi nimekuwa kesi toka siku ile ile, basi nami nikasema nije kama kesi."

Hapo ndipo nilipojua kwamba kukaa kimya kwangu ndiko kulikoniandikia wito.

Hakimu akauliza bima yangu iko wapi. Nikasema sina. Akasema ningekuwa nayo, kampuni ndiyo ingetoa fidia ya mama huyu, na mimi ningerudi nyumbani na aibu yangu tu. "Huna," akasema, "kwa hiyo utatoa wewe, kwa chochote ulicho nacho." Pikapu ilikuwa imeshachakaa, haikutosha hata robo ya yale aliyoamua. Nilichokuwa nacho kingine ni shamba aliloniachia marehemu babu yako. Dalali wa mahakama akaja, akalipima, akaliuza.

Ile mipeasi uliyoegesha gari lako chini yake jana, mwanangu, hukuwahi kuniuliza kwa nini imepandwa mistari sawa na hii yetu. Babu yako aliipanda yote siku moja. Mwenye shamba sasa ni mtu mzuri, kila mwaka hutuletea ndoo ya mapeasi, na kila mwaka mimi nayapokea na kushukuru.

Siku ya hukumu, nje, manyunyu yanadondoka, nilimfuata Skolastika pale kwenye baraza. Nilikuwa nimeshapoteza kila kitu na hakuna tena la kukiri. Nikasema, "Pole, dada."

Alinitazama. Hakuwa na ukali, na hilo ndilo liliniumiza zaidi. Akasema, "Pole hujibiwa kwa kusema nimeshapoa. Mimi sijapoa, Zakaria. Nikikujibu hivyo nitakuwa nimesema uongo, na tumetoka tu kuapa humo ndani." Akajifunika khanga, akaondoka na sista wake.

Fidia ile alijengea kibanda huko Mponde, akawa anauza chai na maandazi. Anakanda unga kwa mkono mmoja. Kila ninapopita kule naingia, nanunua andazi, nampa pole, naye hunijibu, "Bado." Halafu tunaongea habari za mvua na za watoto, tunacheka hata. Ana mvi sasa. Mwezi uliopita nilipoingia, hata sijafungua mdomo, akaniambia mwenyewe, "Bado, Zakaria," akanisogezea kiti.

Basi nasaha yangu ni hii, na nitaisema mara moja. Unaiita bima ya gari, ukadhani ni ya gari. Ile ndogo, ambayo sheria inakulazimisha uwe nayo, haina habari na gari lako. Ni ya mkono wa mtu usiyemjua, anayetembea pembeni na kikapu chake, na hajui kwamba wewe umeahirisha mpaka mwezi ujao. Bila hiyo, akiumia, sheria inakuja kwako wewe mwenyewe: kwenye faini, kwenye leseni, kwenye kitanda unacholalia na kwenye ardhi itakayowahusu wajukuu zangu. Na ukimpa rafiki gari lako hilo akaendeshe, usidhani ataitwa peke yake. Mwenye gari naye huulizwa. Trafiki unaowajua hawatakulipia. Na siku ikitokea, Mungu apishe mbali, usikimbie. Simama, mpeleke hospitali, toa taarifa polisi na kwa watu wa bima. Usiahidi usichokijua, usibishane. Mtu asikuletee habari za kuyamaliza kinyumbani wakati nyumba moja tu ndiyo imekaa kikao. Na pole sema. Isemee pale pale barabarani, kabla ya jambo lingine lolote. Nilimuuliza wakili wa kweli, mwenye joho, akanishangaa, akasema pole ni utu tu, haijamfunga mtu yeyote.

Nilitaka kukupa funguo sasa. Natazama unavyotoa simu mfukoni. Najua, bima siku hizi inalipiwa kwa simu, dakika mbili tu. Rudisha hiyo simu. Wakala yuko Soni, na utakwenda kwa miguu. Pita upande wa kushoto, karibu na ukingo, na yanapokuja magari kwenye kona uyasikilize vizuri yanavyokupita mgongoni, ukijiuliza lipi lina bima na lipi lina dereva anayezungukazunguka tu. Ukirudi na bima yako, gari utalikuta hapo hapo chini ya mipeasi ya babu yako.

Mungu akutangulie, mwanangu. Akutengenezee breki, akufungue macho kwenye ukungu, na ampe uzima kila atembeaye kwa miguu mbele ya gari lako, mpaka uzeeke bila kuwa na hata mtu mmoja unayempa pole asiweze kuijibu. Nenda sasa, mvua haijaanza.